Maji Hayana Gia ya Nyuma

Jumamosi, Novemba 2

Mimi Kiema, fundi wa mabomba, sijawahi kulaza bomba likavuja. Miaka thelathini na minane, kutoka hapa Kathonzweni mpaka Kanyangi ng'ambo ya mto. Muulize yeyote.

Ila usimuulize Mbula. Naandika haya jikoni, na nyuma yangu mfereji wetu wenyewe unadondoka, to, to, to, ndani ya sufuria aliyoiweka mke wangu tangu Septemba. Na Kanyangi nilienda mara moja tu, harusini.

Shajara hii aliniletea binti yetu Yvonne mwezi wa kwanza. Ina picha ya ng'ombe mnono, ng'ombe wa huko alikoolewa, si wa hapa kwetu. Akasema, "Baba, uwe unaandika, akili isilale." Akili imelala miezi kumi. Leo nimeiamsha kwa sababu mvua ya Novemba iko karibu, na nataka tujue nani mwongo, mimi au watu wa hali ya hewa. Shule niliishia darasa la sita. La saba nililiona kwa dirisha.

Jumatatu, Novemba 4

Ile to-to-to imenishinda. Nimefunga geti valvu, ile koki kubwa ya kukata maji, nikafungua mfereji nikatoa kimpira cha ndani. Kimeliwa kama meno yangu. Nikakata kingine kwa soli ya patipati ya Mbula. Kimya. Watu hudhani mfereji unaodondoka hutibiwa kwa kukazwa. Wanaunyonga kama shingo ya kuku, na kimpira kinazidi kuliwa. Badilisha kimpira, wacha shingo.

Mbula anatafuta patipati.

Jumanne, Novemba 5

Mawingu. Yametusalimia, yakaenda zake Mtito Andei.

Jumatano, Novemba 6

Siku ya maji. Kamati hufungulia tangi la mlimani Jumatano na Jumamosi, kuanzia asubuhi mpaka Kitonga, yule wa kamati aliye na ufunguo, asikie njaa. Bomba linapita kwangu, linateremka kwa jirani yangu Syokau, halafu linavuka korongo na kupanda kidogo mpaka hoteli ya Amin, pale penye chai. Nililaza mimi.

Syokau ameniita, sinki limeziba. Ni mjane wa rafiki yangu, kiongozi wa kwaya, na ulimi wake ungeweza kukata bati.

"Baba Yvonne, hili sinki lako limekufa."

"Sinki ni lako, Mama Mutisya. Langu linapumua."

"Wewe ndiye uliliweka."

"Na wewe ndiye unalilisha ukoko wa ugali. Sinki si nguruwe."

Nikaweka ndoo chini, nikafungua ule mviringo unaopinda kama goti. Mafuta ya kupikia yameganda humo, yameshikana na unga na nywele. Nimemwambia asimwage mafuta kwa sinki, ayapanguse na karatasi, na aweke kipande cha wavu pale mdomoni. Akasema asante kwa pua.

Alipokuwa anapanguza sakafu akaniuliza, bila kunitazama, kama zile nonritani bado zinafanya kazi. Nonritani ni valvu inayoruhusu maji kwenda mbele tu. Yakitaka kurudi, inafunga mlango. Tulipolaza bomba miaka sita iliyopita, kamati ilitaka kila boma liwe na yake.

"Zinafanya kazi kama askari," nikasema.

Nitaandika kwa sababu hakuna mtu anayesoma kitabu cha ng'ombe. Nonritani hakuna hata moja. Duka halikuwa nazo wiki ile, jua lilikuwa kali, na mimi sikuona haja. Niliwaambia kamati, "Maji hayana gia ya nyuma." Walipong'ang'ana, nilizika elbo ya kawaida, kipande cha bomba kilichopinda tu, kwenye kila boma, nikaweka jiwe juu, nikasema nonritani iko hapa chini, msiguse. Wakapiga makofi.

Jumamosi, Novemba 9

Maji saa tatu, yakakatika saa tano. Jua.

Jumatatu, Novemba 11

Nzi wa maembe wameanza. Embe nzuri kwa nje, ukipasua ni funza wanaimba. Nina miti kumi na miwili, na maembe hayo ndiyo unga wetu wa mwaka ujao. Nimenunua dawa. Chupa ina utepe mwekundu na fuvu la kichwa. Mbula ameiweka juu ya kabati akasema fuvu limefanana na mimi.

Jumatano, Novemba 13

Nitaandika polepole.

Asubuhi nilikuwa mzima. Nilifanya vile kila mtu hapa hufanya siku ya maji: niliacha mfereji wa nje wazi na mpira wa maji ndani ya pipa, maji yakija yanikute au yasinikute. Ukifunga mfereji ukaenda shamba, utarudi uambiwe maji yalikuja yakapita. Mipira ya wengine huruka na kumwaga maji chini. Wangu hauruki, nimefunga jiwe mdomoni pake ukazama mpaka chini ya pipa. Nilikuwa najivunia jiwe hilo.

Maji yalikuja saa tatu. Pipa lilipofika nusu nikatia dawa. Karatasi inasema kifuniko kimoja kwa pampu moja ya mgongoni. Mimi nikamimina chupa nzima, nisirudi rudi, pipa lijae nichote tu. Nikaenda kupogoa matawi.

Saa saba nimerudi. Maji yalikuwa yamekatika. Ndani ya pipa kuna mstari mweupe, pale dawa ilipofika, na dawa yenyewe iko shubiri nzima chini ya huo mstari. Nikaangalia chini ya pipa, pakavu. Nikapapasa nitafute tundu, hakuna. Ndipo nikasikia. Mpira ulikuwa unanyonya. Sauti ndogo, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija.

Sauti hiyo naijua. Ujanani nilikuwa naosha malori Mtito Andei, na usinifanye niseme yote tuliyofanya. Unaingiza mpira ndani ya tangi la lori, unavuta kwa mdomo mara moja, unashusha ncha kwenye mtungi ulio chini, na dizeli inapanda yenyewe na kushuka yenyewe. Haihitaji pampu. Inataka tu ncha moja iwe chini kuliko nyingine.

Nyumba ya Syokau iko chini kuliko yangu.

Kitonga amefunga mlimani. Syokau amefungua mfereji wake kukamua yaliyobaki. Bomba limejimwaga kwake, na lilipojimwaga likavuta huku nyuma, na huku nyuma kulikuwa na mpira wangu, na jiwe langu, na chupa nzima.

Nilichomoa mpira nikakaa chini kwenye vumbi. Nikapiga hesabu kwa kijiti. Pipa limepoteza kama mitungi miwili na nusu. Bomba kutoka kwangu mpaka kwake linabeba mtungi mmoja. Kwa hivyo mtungi mmoja wa sumu umelala ndani ya bomba saa hii, na mwingine na nusu umetokea kwa Syokau.

Nilifunga geti valvu ya bomba linaloenda chini. Niliosha upande wangu kwa mtungi wa maji ya akiba. Kisha nilisimama kwenye ua, nikaona paa lake pale chini, moshi unatoka. Ni hatua mia moja. Ningepiga hata kelele tu.

Sikupiga. Akilini niliona kamati imesimama na jembe juu ya lile jiwe la nonritani. Nikajiambia, kwanza ngoja.

Mbula alirudi saa tisa. Jumatano kina mama wa kikundi hukaa kwa Amin, na Amin huwapa chai. Nikakumbuka hilo alipokuwa anavua viatu.

"Mlikunywa chai?"

"Kwani tulienda kuosha miguu?"

"Ngapi?"

"Mbili. Na mandazi. Unataka risiti?"

Karatasi ya chupa inasema: mboni za macho kuwa ndogo, mate, jasho, tumbo kusokota. Nikamshika kidevu nikamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Nikamtazama macho.

"Aiya! Kiema! Mapenzi ya uzee yamekushika saa tisa ya mchana?"

"Una jasho."

"Nimetembea kwa jua, wewe."

Amecheka mpaka akashika mlango. Mimi nimecheka pia. Meno tu ndiyo yalicheka.

Alhamisi, Novemba 14

Mbula amekunywa uji. Mboni ni za kawaida. Nimemtazama mara sita, ameanza kujipaka mafuta usoni.

Nimeshuka kwa Syokau nikijifanya nakagua sinki. Alikuwa na leso puani, mafua yamemshika.

"Maji ya jana yalikuwaje?" Nilisema hivyo nikitazama ukuta.

"Yalianza vizuri. Mwisho yakawa meupe kama maji ya kuosha mchele, yananuka. Nikajua Kitonga ametia dawa ya kusafisha tangi."

"Ukayafanyia nini?"

"Ndoo moja nilimpelekea Amin, kwake yalikatika mapema. Yaliyobaki nimewawekea kuku. Kwani vipi? Unapima?"

Hapo ningesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Yaliyotoka ni, "Kuku wako wananona."

Nimekimbia kwa Amin. Mzee wa miaka sabini na mmoja akikimbia hapa, watu hutoka nje kuona amefiwa na nani. Nimepunguza mwendo mlangoni. Amin ni kijana wa miaka hamsini, wa familia ya Kiislamu ya Kitui mjini, Kiswahili chake kimepigwa pasi.

"Karibu, Mzee Kiema. Mbona unahema? Keti, upate chai."

Akaniwekea kikombe. Kilikuwa na mvuke na utando wa maziwa juu. Nilikitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Maji ya chai ni ya wapi?"

"Ya bomba, mzee wangu. Nilichota jana asubuhi mwenyewe."

"Na ndoo ya Syokau?"

Akaonyesha kwa kidole. Ilikuwa kona ya jikoni, karibu na jiko, imefunikwa kwa sinia. "Yalikuwa na utando, nimeyaacha yatulie. Yakitulia nitapikia maharagwe ya mchana."

Nilisimama. Nikasema naenda kunawa. Nikajikwaa kwenye ndoo kwa mguu wote wa kulia, mara ya kwanza haikuanguka, nikajikwaa tena.

"Mzee!"

Maji yalienda mlangoni, yakashuka kwenye mtaro. Watu wanne walinyanyua miguu. Amin hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema, "Ukame wote huu, Mzee Kiema. Hata kama ni mzaha." Akatwaa kikombe changu ambacho sikukigusa akakipeleka nyuma.

Kwa hivyo chai ya Mbula ilikuwa safi. Nimerudi nyumbani nikamwambia ana macho mazuri. Akaniuliza nimevunja nini.

Ijumaa, Novemba 15

Kuku wanne wa Syokau wamekufa. Anasema ni kideri. Ameanza kuwachimbia shimo, nikamnyang'anya jembe nikachimba mimi, nikamwaga na yale maji ya kuku humo ndani, nikaosha chombo mara tatu kwa majivu. Alinitazama.

"Leo umekuwa mtu," akasema.

Nikamwambia nataka kuosha bomba. Kesho maji yakifunguliwa, aache ya kwanza yamwagike mitungi mitano, chini, shambani.

"Mitungi mitano! Chini! Baba Yvonne, nimeoga kwa kikombe wiki hii."

"Bomba lina kutu."

"Bomba ni la plastiki."

Fundi wa miaka thelathini na minane. Nimekaa pale kwenye kizingiti chake nikiwa na ukweli mdomoni kama jiwe la moto, nikaumeza, nikapanda nyumbani.

Geti valvu bado nimeifunga. Kesho sitaifungua. Sijui kesho kutwa.

Jumamosi, Novemba 16

Nimefika nyumbani sasa hivi. Mbula ameniacha peke yangu, hataki kukaa chumba kimoja na mimi.

Maji yalifunguliwa mlimani saa mbili unusu. Yalifika kwangu yakagonga geti valvu, nikasikia bomba linaguna. Nikakaa juu ya ile koki kwenye kiti changu cha miguu mitatu, nikiwa na gazeti la mwaka jana.

Saa tatu Syokau aliita kutoka chini. Saa tatu na nusu Amin alipiga simu, sikushika. Saa nne Kitonga alikuja na spana. Ni kijana mwenye haraka, anavaa koti la kamati hata kwa jua.

"Mzee, toka hapo."

"Naota jua."

"Umefungia watu maji. Ni ugomvi gani na Mama Mutisya? Jana uliwaua kuku kwa macho, leo unamkausha?"

"Kitonga, ndani ya hilo bomba kuna dawa ya maembe."

Alisimama. Watu wengine walikuwa wamekuja nyuma yake, kama sita, na mitungi. Nikasema yote: pipa, mpira, jiwe, chupa. Nilisema haraka, sauti yangu ikapanda kama ya mtoto.

Kitonga alianza kutabasamu. "Na mwaka jana kulikuwa na nini ndani ya tangi?"

Mtu akajibu, "Mamba!"

"Na kabla ya hapo?"

"Mita ya serikali inayosikiliza watu wakioga!"

Wakacheka. Ni kweli, mimi ndiye niliyasema hayo yote, na walikimbia, na nilikuwa nimefurahi sana.

"Hata kama dawa ingeingia," Kitonga akasema, "tuna nonritani. Wewe mwenyewe ulituambia ni askari." Akanishika mabega kwa heshima, kama anavyohamishwa mbuzi mzee, akaniweka kando. Akafungua.

Nilisikia yakienda. Maji yakipita ndani ya bomba lililokuwa limefungwa hutoa sauti ya mtu anayevuta pumzi.

Nikachukua jembe. Sikuenda kwa Kitonga, nilienda kwenye jiwe langu, lile la miaka sita. Nikalibiringisha. Nikachimba. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali, na nilikuwa nalia, sijui kama waliona, nikachimba mpaka bomba likatokea na ile elbo. Nikaigonga kwa jembe ikapasuka, maji yakaruka usoni mwangu.

"Tazameni!" nikasema. "Iko wapi nonritani? Tazama, Kitonga! Ni elbo! Ni elbo kila mahali! Niliwadanganya!"

Hapo hakuna aliyecheka. Kitonga alipiga magoti, akatia mkono ndani ya matope, akapapasa. Alipoinua uso ulikuwa umebadilika. Mtu husema uongo ili ajipambe, hachimbi shimo ajiaibishe. Alifunga koki na kuanza kukimbia kuteremka, na sisi sote nyuma yake.

Syokau alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Mfereji wake ulikuwa bado unatiririka kidogo. Ndoo ilikuwa miguuni, na ndani maji yalikuwa meupe. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati.

"Mbona mnakuja kama nzige?" akasema.

"Umekunywa?" nikamuuliza.

"Kiu ilikuwa imenishika tangu asubuhi. Kwani?"

Kikombe kilikuwa kitupu. Mafua yalikuwa yamemziba pua, hakusikia harufu.

Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia. Maneno machache. Hakunitusi. Aliangalia kikombe, akaangalia shimo la kuku, akasema, "Kumbe haikuwa kideri."

Amin alileta gari lake mpaka mlangoni. Mimi nilikimbia nyumbani kuchukua chupa, kwa sababu nilijua daktari atauliza ni dawa gani, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya mwezi huu wote. Njiani kuelekea hospitali ya mji wa Wote, Syokau alianza kutoka jasho. Halafu mate, akayapangusa kwa leso, tena, tena. Nilimtazama macho. Mboni zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Siku tatu nilikuwa nazitafuta kwa mke wangu, nikazipata hapo.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nasikia ni kama unanipima sanduku."

Hospitalini daktari alisoma chupa, akaniuliza, "Umepita muda gani tangu anywe?" Nikamwambia saa moja. Akauliza, "Na wewe ulijua lini kwamba maji yameharibika?"

Nikasema, "Jumatano."

Aliandika. Hakuinua kichwa.

Jumapili, Novemba 17

Sikuenda kanisani. Kwaya imeimba bila kiongozi, nimeisikia kutoka hapa, imepotea katikati ya wimbo. Mbula amerudi akasema wamemwombea Syokau. Sikuuliza kama kuna mtu alitaja jina langu. Amesema mwenyewe, "Hawakukutaja."

Jumatatu, Novemba 18

Bado amelazwa. Wanamchoma sindano kila baada ya muda. Mutisya, mwanawe, amefika kutoka Mombasa. Nilimpigia simu, akashika, akasikia sauti yangu, akakata.

Jumanne, Novemba 19

Nimeogopa mambo mengi maishani. Chui mara moja. Polisi wa Mtito Andei. Mahari. Sijawahi kuogopa simu. Ikilia, natoka nje kwanza ndipo nashika.

Jumatano, Novemba 20

Siku ya maji. Kamati haikufungua. Kitonga amepita kila boma akikata bomba. Kila mahali amepata elbo, akaziweka zote ndani ya gunia, akaja akalimwaga mlangoni pangu. Kumi na moja.

Nimezihesabu mara mbili. Nilidhani ni tisa.

Ijumaa, Novemba 22

Mvua. Imeanza saa kumi alasiri, kubwa, ya mawe. Watu wamesimama nje wakipiga vigelegele. Mimi nimesimama na sufuria chini ya paa nikifikiria ile dawa iliyoingia kwenye mtaro wa Amin na kwenye shimo la kuku, inaenda wapi sasa. Zamani mvua kwangu ilikuwa mvua tu.

Simu ililia katikati ya radi. Ilikuwa Amin. "Amekula uji, Mzee Kiema. Amekaa kitandani."

Kisha akasema, "Ungeniambia tu siku ile. Ningeimwaga ile ndoo kwa mikono yangu mwenyewe."

Jumatano, Novemba 27

Nonritani kumi na moja zimetoka Machakos. Kamati imenikataza kuzigusa, wameleta fundi msichana, anaitwa Kavata, amesomea chuo. Nimeruhusiwa kumshikia taa na kuonyesha bomba lilipita wapi, kwa sababu mimi pekee ndiye najua. Kuna mshale mdogo juu ya kila valvu kuonyesha maji yanakoenda. Amenionyesha kama unavyomwonyesha mtoto: "Mshale uelekee nyumbani, mzee."

Akaniuliza mpira wangu huwa nauweka wapi. Nikamwambia. Akasema hata na nonritani, mpira usizame ndani ya pipa kamwe. Ning'iniza mdomo wake shubiri moja juu ya maji, pawe na hewa katikati, bomba likinyonya lipate hewa tu. Na pipa la dawa lijazwe kwa ndoo, si kwa mpira.

Shubiri moja tu! Ingegharimu kamba.

Nimezunguka boma kwa boma nikiwaambia hivyo. Wengine wamenisikiliza. Wengine wamefunga mlango. Mama mmoja aliuliza kama na hii ni mamba. Nikamwambia hapana, mama, hii ni mimi.

Jumapili, Desemba 1

Syokau amerudi nyumbani. Amekonda. Sauti imeshuka, kwaya wamempa kiti akae akiimbisha. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga. Nilipofika mlangoni yote yakakimbia, nikabaki na mtungi wa maji ya mvua niliyokuwa nimeyachemsha na kuyachuja kwa kitambaa cha Mbula.

"Weka hapo," akasema.

Niliweka. Akainuka, akishika ukuta, akaubeba kwa mikono miwili mpaka kwenye ua, akaumwaga wote kwenye mchicha. Kisha akanirudishia mtungi.

Jumatatu, Desemba 2

Nimepeleka mwingine. Akaumwaga.

Jumanne, Desemba 3

Akaumwaga. Mvua inanyesha, maji yako kila mahali, hana haja na yangu. Najua. Nachemsha tu.

Nilikuwa namwona mwanamke wa ulimi. Sikuwahi kumwona vile anavyobeba mtungi, goti la kushoto likitetemeka, na bado hataki mtu amshike.

Jumatano, Desemba 4

Leo nilimkuta amelala. Ningeweza kuuacha nikaondoka. Nilikaa kwenye kizingiti nikangoja mpaka akaamka, akatoka, akaumwaga mbele yangu, polepole, tone la mwisho. Hakuwa na hasira. Mwenye hasira hupata raha akimwaga. Yeye aliutikisa mtungi kuona kama kuna kilichobaki, kama mtu anayekagua kazi ya fundi.

Kurasa za Desemba zimebaki, lakini kitabu hiki nitakipeleka kwake kesho, asome mwenyewe au asomewe na Mutisya, nisije nikaulainisha ukweli kwa mdomo. Basi hapa chini namwandikia yeye.

Mama Mutisya, siku tulipomzika mume wako, bomba la choo lilipasuka na wageni walikuwa mia mbili, nami nikaingia kwenye lile shimo na suti yangu ya pekee. Ulinishika mkono ukasema, "Kiema, siku moja uniombe chochote." Sijawahi kuomba. Leo naomba, ni kidogo tu. Kesho nikileta mtungi, umwage, ni haki yako. Lakini ngoja kwanza nipande mpaka nyumbani, nifike pale ambapo sioni ua wako, nisijue kama umeumwaga au umeuweka.